Mtindo Rasmi wa Kiingereza na Mtindo Rasmi wa Kiswahili: Tahadhari kwa Mfasiri

Istilahi "lugha rasmi" imebebeshwa dhana mbili. Ya kwanza ni lugha iliyopewa hadhi na dola kwa ajili ya shughuli zake. Ya pili ni namna ya kusema au kuandika inayolingana na uzito wa shughuli: barua ya ofisi, hukumu, hotuba, muhtasari wa kikao. Katika makala haya dhana ya pili itaitwa "mtindo rasmi", ili dhana ya kwanza ibaki na jina lake.

Haja ya kuzitenga dhana hizi yaonekana wazi katika Mkoa wa Songwe. Tunduma inapakana na Nakonde ya Zambia, ambako lugha rasmi ni Kiingereza, na tangu 2019 maofisa wa nchi hizi mbili hushirikiana katika kituo cha pamoja cha mpakani. Kwa upande wa pili, tangazo la serikali likifika Mbangala, wilayani Songwe, husomwa kwa Kiswahili mbele ya watu. Mkoani humo wengi wamelelewa katika Kinyamwanga, Kinyiha au Kibungu. Aidha, Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo hati nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zahitaji kufasiriwa. Yatupasa basi kuuliza: urasmi wa Kiingereza umejengwa kwa nini, na je, vifaa hivyo vyafaa kuhamishwa?

(a) Kuficha mtenda. Kiingereza rasmi hupenda kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda. Kiswahili nacho kina kauli hiyo, lakini sentensi "Imeamuliwa kwamba ushuru utalipwa" humwacha mkulima akiuliza: nani ameamua, nani alipe, na amlipe nani? "Halmashauri imeamua kwamba kila anayesafirisha mazao alipe ushuru" ni sentensi rasmi vilevile, na wajibu umejulikana ni wa nani.

(b) Kugeuza vitenzi kuwa nomino. Mfasiri huandika "Ufanyaji wa malipo ya ada utafanyika kabla ya ufunguaji wa shule." Kiswahili ni lugha ya vitenzi: "Ada ilipwe kabla shule haijafunguliwa." Kiishio -e chatosha kubeba amri na heshima kwa pamoja.

(c) Uteuzi wa msamiati. Katika Kiingereza, maneno yenye asili ya Kilatini na Kifaransa aghalabu huhesabiwa kuwa rasmi kuliko yale ya asili ya Kijerumaniki. Wako wanaodhani kwamba Kiarabu kina kazi hiyo hiyo katika Kiswahili. La hasha. "Sahani", "samaki" na "habari" yana asili ya Kiarabu, nayo ni maneno ya jikoni na barazani. Neno huwa rasmi kwa matumizi yake, si kwa nasaba yake.

(d) Ufupisho. Mwandishi wa Kiingereza rasmi huepuka maumbo yaliyofupishwa, kwa kuwa ni ya mazungumzo. Katika Kiswahili, "mwanawe", "mumewe" na "nduguye" ni maumbo ya ufasaha, na huonekana hata katika maandishi mazito.

Katika mazungumzo tofauti huzidi. Urasmi wa Kiswahili huanza kabla ya hoja: salamu, cheo, na kuomba nafasi. Ofisa kijana aendaye moja kwa moja kwenye ajenda bila ya kuwaamkia wazee huonekana amekosa adabu, hata kama sarufi yake haina dosari.

Mfano mmoja watosha kuonyesha madhara ya kuhamisha vifaa bila ya kupima. Barua nyingi za ofisi, baada ya kichwa kinachoanza kwa "Yah:", huendelea: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kuhusika ni kuwa na sehemu katika jambo, mpokeaji anaamriwa ahusike na kichwa cha barua! Kwa kuwa "Yah:" imekwisha kutaja jambo, sentensi hiyo haiongezi maana. Mwandishi angeanza: "Tumepokea maombi yako ya kiwanja ya tarehe 3 Machi," na barua isingepungukiwa heshima hata kidogo.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mfasiri ajiulize mambo matatu kabla ya kukabidhi kazi: mtenda ametajwa pale ambapo wajibu unamhusu? Kitenzi kimeachwa kifanye kazi yake? Je, sentensi ikisomwa kwa sauti mkutanoni, msikilizaji atajua la kufanya? Tangazo lisiloeleweka haliwi rasmi zaidi. Humtwika raia adhabu ya kosa ambalo hakuelezwa.