Gari Kuukuu la Otomatiki Baada ya Ajali ya Baiskeli: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kutoa Fedha

Baiskeli ni mkombozi wa kaya nyingi katika maeneo yetu ya mpakani. Hata neno bodaboda, ambalo leo watu hulihusisha na pikipiki, lilizaliwa katika mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, pale vijana walipokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli miaka ya 1960. Nchini Malawi biashara hiyo huitwa kabaza. Kuanzia Karonga hadi kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, na kutoka hapo hadi Kauma na vitongoji vingine vya Lilongwe, wapo watu wengi wanaopata riziki kwa kukanyaga pedali, na wapo vijana wanaoteremka vilima kwa baiskeli za gia kwa kujifurahisha tu.

Kwenye mteremko wenye changarawe, hata hivyo, tairi likiteleza, aliyeanguka huenda akavunjika mtulinga, kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu. Mfupa ukishaunga, wengi hawawezi tena kurudi kwenye baiskeli kama zamani. Hapo ndugu na jamaa huchangishana, akiba ya miaka hutolewa, na wazo linalokuja kwanza ni kutafuta gari dogo, kuukuu, la bei nafuu, lenye gia za otomatiki ili mguu usisumbuke.

Wazo hilo si baya. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotangaza giaboksi ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile, watu waliiona kama anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, giaboksi hiyohiyo iliwawezesha askari waliopoteza viungo vitani kuendesha tena. Lakini fedha za mtu aliyeumia ni fedha za mara moja: zikipotea, hana mguu wa kuzitafutia nyingine. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kueleza, hatua kwa hatua, mambo yanayopaswa kuhakikiwa kabla fedha hazijabadilisha mikono.

Je, umeumia mguu upi?

Katika gari la gia za mkono, mguu wa kushoto hukanyaga klachi, na wa kulia hukanyaga eksileta na breki. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga, hivyo mguu wa kushoto hauna kazi. Kwa mtu aliyeumia mguu wa kushoto, gari la namna hii ni nafuu ya kweli. Vilevile kwa aliyeumia mkono wa kushoto, kwa kuwa katika nchi zetu usukani uko kulia na mkono wa kushoto ndio hubadilisha gia kila mara.

Aliyeumia mguu wa kulia asijidanganye. Gari la otomatiki halimwondolei kazi ya breki. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Mguu wenye maumivu ukichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, gari limekwisha kupita mita hizo zote, na mtoto aliyekuwa akivuka barabara hakupewa nafasi. Asiendeshe mtu mwenye plasta ya jasi mguuni, wala anayekunywa dawa za maumivu zinazoleta usingizi, mpaka daktari aseme kwamba anaweza kukanyaga breki kwa nguvu na kwa ghafla.

Kuna jambo jingine kwa wale waliozoea gia za mkono. Mguu wa kushoto huwa na mazoea ya kutafuta klachi. Katika gari la otomatiki hukutana na pedali pana ya breki, na gari husimama ghafla katikati ya barabara. Mguu huo uwekwe pembeni na upumzike. Mguu wa kulia peke yake ndio ufanye kazi ya eksileta na ya breki.

Kuijua giaboksi iliyo mzima

Magari madogo yanayopatikana kwa bei nafuu katika ukanda wetu ni Toyota Vitz, Mazda Demio, Nissan March, Honda Fit na mengine ya jinsi hiyo, mengi yakiwa yametumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Injini ya gari kuukuu hutengenezeka kwa fundi wa mtaani. Giaboksi ya otomatiki iliyokufa ni habari nyingine: mara nyingi gharama ya kuibadilisha hukaribia thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo mnunuzi aanze na giaboksi, rangi na redio vije baadaye.

Kwanza, fika asubuhi kabla gari halijawashwa. Muuzaji akikukuta injini imekwisha pashwa moto, omba kurudi siku nyingine, kwa sababu kasoro nyingi hujificha gari likiwa moto.

Pili, panapokuwa na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kichomoe ukitazame. Oili njema huwa na rangi nyekundu na hupitisha mwanga. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, achana na gari hilo.

Tatu, kanyaga breki, kisha hamisha gia kutoka P kwenda R, halafu D. Gari linapaswa kuitikia mara moja na kwa upole. Likisubiri sekunde kadhaa kabla ya kushika, au likashtuka kwa kishindo, giaboksi ina ugonjwa.

Nne, lipande kilima. Injini ikivuma kwa nguvu na mwendo usiongezeke, giaboksi inateleza. Jaribu pia gia ya nyuma kwenye mwinuko.

Tano, uliza aina ya giaboksi. Honda Fit za kwanza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2001, hutumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Giaboksi hiyo ina oili yake maalumu. Ukitia oili ya kawaida ya ATF kwa kubana matumizi, umeiua. Gari la CVT likitetemeka linapoanza kuondoka, hiyo ni dalili ya kutopuuzwa.

Kuhusu kilomita, usiamini namba ya kwenye dashibodi peke yake. Tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari linalodaiwa kutembea kilomita chache haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma. Omba pia kuona cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kule.

Je, gari ni la nani?

Hapa ndipo sisi polisi tunapowaona wananchi wakilia. Giaboksi mbovu hukupotezea fedha tu. Gari la wizi hukupotezea fedha, gari lenyewe, na huenda ukajikuta ukiandika maelezo kituoni.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba ya chasisi inayoanza na herufi za aina ya gari, kisha mstari mfupi, kisha tarakimu sita au saba. Kwa mfano, Vitz ya injini ndogo huanza na SCP10, Demio ya kizazi cha pili DY3W au DY5W, Honda Fit GD1. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma, mara nyingi kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi. Isome mwenyewe kwa tochi. Ilinganishe na kibati cha kiwanda, na kadi ya gari, na nyaraka za forodha. Ukiona chuma kimesuguliwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mahali hapo tu, usitoe hata senti moja.

Kisha fika kituo cha polisi na uombe namba zilinganishwe na orodha ya magari yaliyoibwa. Vikosi vya nchi zetu hubadilishana taarifa hizo kupitia Interpol na kupitia SARPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika ulioundwa mwaka 1995, ambao Malawi na Tanzania zote ni wanachama. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia mfuatane kituoni. Akianza kudai kwamba ana haraka, kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani, umekwisha pata jibu lako.

Magari ya IT na vibali vya muda

Barabara kuu ya M1 huanzia mpaka wa Songwe, ng'ambo ya Kasumulu wilayani Kyela, ikapita Karonga, ikapanda kona kali za Chiweta, ikaendelea Mzuzu na Kasungu hadi Lilongwe, safari ya takriban kilomita 600. Njiani humo hupita magari mengi yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Gari linalopita Tanzania kwenda nchi jirani, maarufu kama gari la IT, halijalipiwa ushuru Tanzania, na halipaswi kuuzwa huko. Vivyo hivyo, gari la kigeni lililoingia Malawi kwa kibali cha muda limeruhusiwa kutembea, halikuruhusiwa kuuzwa kabla ya ushuru kulipwa.

Dalali atakunong'oneza kwamba ushuru "utamalizwa baadaye". Anachokuuzia ni deni la mtu mwingine. Forodha ikilikamata gari hilo, hutamwona dalali tena. Dai risiti ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Malawi, MRA, au ya Tanzania, TRA, kulingana na mahali gari litakaposajiliwa. Wala usichanganye ushuru na bima: Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika Malawi na pia Tanzania, ni bima ya kuvuka mpaka. Haithibitishi kwamba gari limelipiwa ushuru.

Jina lililo kwenye kadi

Tuchukue mfano. Kijana wa Dzaleka aliyekuwa akiendesha kabaza anavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Ndugu zake wanachanga, wananunua Demio mjini Lilongwe, na kwa kuwa hana hakika na nyaraka zake, wanaliandikisha kwa jina la rafiki anayeishi Kauma. Mwaka unapita, urafiki unaharibika. Rafiki analiuza gari. Kwenye rejista yeye ndiye mwenye gari, na kijana hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba fedha zilikuwa zake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa. Uhamisho wa umiliki nchini Malawi hufanywa katika ofisi za Road Traffic, zenye kutunza rejista ya magari na madereva katika mfumo wa MalTIS. Mkazi wa kambi afike kwanza kwa uongozi wa kambi na katika ofisi hizo, aulize ni kitambulisho gani kinachokubaliwa na ruhusa gani anahitaji ili kutoka kambini na gari. Aulize kabla ya kulipa. Kuuliza si ujinga. Malipo yafanyike mbele ya mashahidi, kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa, wenye majina, sahihi, namba ya usajili, namba ya chasisi na kiasi kilicholipwa. Kagua pia cheti cha ubora wa gari na bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kisheria. Hakikisha leseni yako inaruhusu gari unalolinunua.

Aliyezoea kubeba abiria kwa baiskeli hushawishika kubeba abiria kwa gari pia. Gari binafsi likipakia abiria wa kulipa bila kibali, huvunja sheria, na ajali ikitokea bima huenda ikakataa kuwalipa majeruhi. Wanaoumia hapo ni majirani zako.

Ukishalipata

Usiteremke mlima gia ikiwa N kwa nia ya kuokoa mafuta. Injini huacha kusaidia kulizuia gari, na breki hupata moto hadi zikakosa nguvu. Tumia 2 au L. Unapoegesha, vuta breki ya mkono kabla ya kutegemea P. Betri ikizimika, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Beba nyaya za kubusti. Likiharibika, lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka ardhini, kwa maana utaimaliza giaboksi uliyoihakiki kwa taabu.

Tunatoa wito kwa wananchi wa pande zote za mpaka: mwenye kupelekewa gari lenye namba zilizofutwa, au mwenye kuona gari la IT likitafutiwa mteja uchochoroni, atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu naye au kwa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wake. Kutoa taarifa mapema humwokoa jirani asiyejua, naye huenda ni mgonjwa aliyetoka hospitali juzi na mchango wa ukoo mzima mfukoni.