Presha Hushushwa kwa Ufuatiliaji

Shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, hutibiwa zaidi katika zahanati, vituo vya afya na kliniki za kawaida kuliko katika hospitali kubwa. Ubora wa huduma hiyo hupimwa kwa jambo moja: kati ya wote waliogundulika, ni wangapi ambao presha yao imeshuka chini ya 140 kwa 90 na haipandi tena. Wingi wa wanaopanga foleni ya dawa hauonyeshi hilo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.3 wana ugonjwa huu, na ni takriban mmoja tu katika kila watano aliyefikia kiwango hicho.

Makosa huanzia kwenye kupima. Aliyeingia akihema, aliyebanwa na mkojo, anayeongea wakati wa kupimwa, au mwenye mkono mnene aliyefungwa mkanda mdogo, husomeka juu kuliko hali yake halisi. Mgonjwa anapaswa kutulia dakika tano, mgongo ukiegemea, nyayo zikigusa sakafu, mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Ni uzembe usio na udhuru kuruka dakika hizo, kwani ndizo zinazoamua kama mtu ataanzishiwa dawa za miaka mingi.

Kazi ngumu zaidi ni kumfuata mtu asiyejihisi mgonjwa. Presha huweza kuharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo bila dalili yoyote, na wengi huacha dawa kwa kuwa wanajiona wazima.

Mfano unaofundisha sana unatoka California Kaskazini nchini Marekani, kwa wanachama wa mfumo wa afya wa Kaiser Permanente. Mwaka 2001 waliodhibitiwa presha walikuwa kama asilimia 44 ya wagonjwa. Kufikia 2009 walikuwa asilimia 80. Hapakugunduliwa dawa mpya. Wagonjwa wote waliingizwa katika rejista moja, hata wale wasiofika kliniki wakaonekana. Madaktari walifuata mwongozo mmoja, na kila kituo kilipewa taarifa ya matokeo yake. Mwaka 2005 kidonge kimoja chenye dawa mbili kiliingizwa kwenye mwongozo huo. Kuanzia 2007 wasaidizi wa kliniki waliwapima wagonjwa waliorudi, bila malipo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaelekea huko huko: wauguzi na wafamasia waliofunzwa waruhusiwe kutoa dawa chini ya usimamizi, mgonjwa aonwe kila mwezi hadi presha itulie, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Hata hivyo, wagonjwa wa California walikuwa na bima. Mahali ambapo dawa huisha stoo na mgonjwa huambiwa akanunue nje, rejista itaandika tu majina ya walioshindwa kurudi. Ugavi wa dawa lazima utangulie.