Kifaa cha Akiba cha Mvuta Mvuke: Somo la Umeme na la Nikotini

Katika miji ya Uingereza yako maduka mengi yauzayo sigara za elektroniki pamoja na vimiminika vyake. Mtu aliyeacha sigara za tumbaku na kuanza kuvuta mvuke hupewa huko shauri moja mara kwa mara: asitegemee kifaa kimoja tu, bali awe na cha pili cha akiba. Wako pia waliougeuza uvutaji huo kuwa burudani, wakawa wanakusanya vifaa kama mpiga picha akusanyavyo kamera. Mgeni asimamaye mbele ya kabati la duka hilo huona vifaa vya kila namna, vimeandikwa omu, wati na miligramu, asijue kipi cha kuchagua.

Makala haya yanaeleza maana ya tarakimu hizo. Hayakusudii kumshawishi mwanafunzi aanze kuvuta. Katika England kwenyewe, tangu Oktoba 2015, ni kosa kumwuzia kifaa cha nikotini mtu wa chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo kifaa hiki kimebeba fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari, na swali la kifaa cha akiba, likifuatwa mpaka mwisho wake, hutufikisha kwenye jambo kubwa kuliko umeme.

KIFAA NA SEHEMU ZAKE

Mmarekani Herbert A. Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1963, akapewa mwaka 1965, lakini chombo chake hakikuenea. Biashara ya leo ilifunguliwa na kazi ya mfamasia wa China, Hon Lik, aliyeomba hataza mwaka 2003.

Mwanafunzi ajuaye kibatari hatapata taabu kukielewa kifaa hiki. Katika kibatari, utambi wa pamba hunyonya mafuta ya taa na kuyapandisha hadi kwenye mwali. Katika sigara ya elektroniki, utambi wa pamba hunyonya kimiminika kutoka katika tangi dogo na kukifikisha kwenye waya uliosokotwa, yaani koili. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mwali. Mkondo wa umeme hupita katika koili, koili hupata joto kama ile ya jiko la umeme, na kimiminika hugeuka mvuke.

Kimiminika chenyewe huwa na propileni glikoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 188 za sentigredi, gliserini, ambayo huchemka kwenye nyuzi 290, viungo vya ladha, na aghalabu nikotini. Mvuke ukikutana na hewa baridi hupoa na kuwa matone madogo mno yanayoelea hewani, mithili ya ukungu wa asubuhi. Kwa hiyo lile wingu jeupe si moshi. Tumbaku iwakapo, kaa la sigara hufikia nyuzi 900 hivi, na mwungulio huo ndio uzaao lami na gesi ya kaboni monoksidi. Hapa ndipo ilipo hoja ya wataalamu wengi kuwa mvutaji wa sigara aliyekwisha kuzoea hupunguza madhara akihamia kabisa kwenye mvuke. Kupunguza madhara, lakini, si kuyaondoa. Utambi ukikauka, joto hupanda kupita kiasi, na vimiminika hivyo huvunjika na kutoa sumu kama fomaldehaidi na akrolini.

HESABU YA OMU

Kifaa hushindwa kazi kwa sababu tatu za kawaida: betri imekwisha chaji, koili imeungua, au tangi linavuja. Ndiyo maana hutafutwa cha akiba. Lakini kipi?

Tuanze na kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: mkondo ni sawa na volti zikigawanywa kwa ukinzani. Uwezo, kwa wati, ni volti mara mkondo. Seli moja ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.7, na ikijaa kabisa hufikia volti 4.2.

Kifaa cha kwanza kina koili ya omu 1.5. Mkondo wake ni 3.7 ÷ 1.5, yaani ampea 2.5 hivi, na uwezo wake ni wati 9. Kifaa cha pili kina koili ya omu 0.2. Mkondo wake ni ampea 18.5, na uwezo wati 68. Cha pili hutoa wingu kubwa, na hicho ndicho kipendwacho na wachezao na mawingu.

Sasa tupime nishati. Seli ndogo ya miliampea-saa 650 ina chaji ya kulombu 2,340; tukizidisha kwa volti 3.7 tunapata juli 8,700 hivi. Mvuto mmoja wa sekunde 3 katika kifaa cha kwanza hutumia juli 27. Kwa hiyo, tukiacha upotevu, seli hiyo ingetosha mivuto 320. Katika kifaa cha pili mvuto mmoja hutumia juli 205, na seli hiyo hiyo ingekwisha baada ya mivuto 42, kama ingeweza kustahimili mkondo mkubwa hivyo. Kwa kweli haiwezi, na ndiyo maana vifaa vya mawingu huwekewa seli kubwa.

Jibu la fizikia, basi, ni wazi. Kazi ya kifaa cha akiba ni kusubiri bila kuharibika, kisha kufanya kazi siku kikubwa kilipokwama. Kifaa chenye ukinzani mkubwa, uwezo mdogo, betri ya ndani na saketi ya ulinzi hutimiza kazi hiyo kwa nishati kidogo na hatari ndogo. Zamani wengi walinunua vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Ubelgiji ilipiga marufuku uuzaji wake kuanzia Januari 1, 2025, na Uingereza kuanzia Juni 1 mwaka huo, kwa sababu ya takataka na kwa sababu vilipendwa na vijana. Ndani ya kila kifaa kilichotupwa mlikuwa na seli ya lithiamu ambayo aghalabu ingeweza kuchajiwa tena.

HATARI YA BETRI MFUKONI

Wako wanaoona kuwa badala ya kununua kifaa cha pili, yatosha kubeba seli ya akiba. Seli itumikayo sana ni ile iitwayo 18650, maana kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Ikiwa na miliampea-saa 3,000, huwa imehifadhi juli zipatazo 40,000.

Tuseme seli hiyo imejaa chaji, nayo imewekwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Chuma kikigusa ncha chanya na hasi kwa pamoja, hutokea shoti. Ikiwa ukinzani wote wa njia hiyo ni omu 0.05, mkondo utakuwa 4.2 ÷ 0.05, yaani ampea 84, na joto litazalishwa kwa kiwango cha wati 350 katika kitu kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa. Kimiminika kilichomo ndani ya seli ya lithiamu huwaka moto. Joto likipita kikomo, mmenyuko wa ndani huzalisha joto zaidi, joto hilo huharakisha mmenyuko, na seli hulipuka au kutoa ndimi za moto. Idara ya Zimamoto ya Serikali ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za elektroniki yaliyoripotiwa nchini humo kati ya 2009 na 2016, nayo yalijeruhi watu 133.

Kwa hiyo seli ya akiba hubebwa ndani ya kasha la plastiki, wala haichanganywi na chuma. Katika ndege, kwa sababu hiyo hiyo, seli za akiba na sigara za elektroniki hazikubaliwi katika mizigo iwekwayo chini. Abiria hukaa nazo, ili moto ukitokea uonekane na kuzimwa mapema.

KIMIMINIKA NACHO

Kosa la mgeni mara nyingi huwa kuhamisha kimiminika kutoka kifaa kimoja hadi kingine pasipo kufikiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 iliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, na tangi lisilozidi mililita 2. Tangi moja, basi, laweza kuwa na miligramu 40, ilhali mvutaji wa sigara ya tumbaku hupata mwilini kiasi cha miligramu 1 hivi kwa sigara moja. Kimiminika kikali kilichofaa kifaa cha wati 9, kikitiwa katika kifaa cha wati 68, humpa mtu dozi kubwa kwa mvuto mmoja, akapata kizunguzungu na kichefuchefu.

Kemia pia imo. Nikotini ni besi, nayo ikiwa huru hukereketa koo. Ikichanganywa na asidi, kama vile asidi ya benzoiki, hutokea chumvi iliyo laini kooni. Ugunduzi huo uliwawezesha watengenezaji, tangu 2015 huko Marekani, kuuza vimiminika vikali mno ambavyo hata asiyewahi kuvuta huweza kuvivuta bila kukohoa. Ule mkereketo uliokuwa onyo la mwili umeondolewa.

Akiba iliyo mbaya kuliko zote ni kimiminika kisichojulikana kilikotoka. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Hadi Februari 18, 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, wakiwamo 68 waliokufa. Uchunguzi uliihusisha sana asetati ya vitamini E, iliyotiwa katika bidhaa za bangi zilizouzwa kwa magendo.

KWA NINI AKIBA?

Hatimaye tuulize swali lenyewe. Mtu akusanyaye stempu akisahau albamu yake nyumbani, siku yake haiharibiki. Kwa nini basi mvuta mvuke hushauriwa asitoke nyumbani bila kifaa cha pili?

Jibu limo katika damu. Nikotini ikivutwa hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde zipatazo 10 hadi 20. Kisha mwili huanza kuiondoa, na kila baada ya saa 2 hivi kiasi chake hupungua kwa nusu. Baada ya saa 8 za usingizi hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Ubongo uliozoea huanza kudai: mtu hukosa utulivu, hukasirika upesi, wala akili haitulii kazini. Aliyekuwa mvutaji wa sigara, kifaa chake kikikwama katika hali hiyo, hukimbilia pakiti ya sigara. Kwake yeye kifaa cha akiba kina maana: kinamzuia asirudi kwenye moshi.

Kwa asiyewahi kuvuta maana hiyo haipo. Yeye hana sigara ya kukimbia. Siku aonapo kuwa anahitaji kifaa cha pili, ajue kuwa burudani imekwisha na utegemezi umeanza. Ubongo wa kijana huendelea kukua hadi umri wa miaka 25 hivi, na nikotini huuingilia ukuaji huo. Uganda, kwa upande wake, ilichukua msimamo mkali zaidi ya Uingereza: sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku vifaa hivi kabisa.

Tarakimu za dukani, basi, zasomeka. Omu na wati humwambia mnunuzi kifaa kitafanya nini. Idadi ya vifaa alivyo navyo mfukoni humwambia nikotini imemfanya nini.

MASWALI YA DARASANI

1. Seli ya volti 4.2 imeunganishwa na koili ya omu 0.8. Tafuta mkondo na uwezo.

2. Koili mbili za omu 0.3 kila moja zimeunganishwa sambamba kwenye seli ya volti 4.2 isiyopaswa kutoa zaidi ya ampea 20. Je, ni salama? Onyesha hesabu.

3. Damu ya mvutaji ina nanogramu 24 za nikotini kwa mililita saa 4 usiku. Ikipungua kwa nusu kila saa 2, itakuwa na kiasi gani saa 12 asubuhi? Eleza kwa nini wavutaji wengi huitafuta sigara mara tu waamkapo.