Mtembezi Aliyelishwa na Miguu

Wahenga walinena: mtembezi hula miguu yake. Juzi, baada ya alasiri mjini Meru, ndugu yangu mfanya biashara alinilalamikia kwamba mwanawe ataka kuacha shule amfuate Michael Olunga. Nikamwita kijana.

“Mwanangu, Olunga alitoka Gor Mahia akaenda Sweden, China, Hispania, Japani, kisha Qatar. Mwaka 2019 aliifungia Kashiwa Reysol mabao 8 katika mechi moja. 2020 akafunga 28, akawa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Lakini alipokuwa Nairobi alisomea uhandisi chuo kikuu. Miguu ilimlisha, kitabu hakukitupa.”

Kijana akajibu kwa adabu: “Ami, basi mwambie baba alipe karo.”

Ndugu yangu akainama. Gari la Embu likapiga honi. Nami nikampa mkono, mkononi mna nilichokuwa nacho.