Mbona Unatetemeka Saa Nne na Chai Umekunywa?

Hebu tumtazame mrina asali mmoja wa Rungwa. Ni mfano tu, lakini huenda ukamtambua. Saa moja asubuhi amekunywa vikombe viwili vya chai ya rangi yenye sukari tele, amekula maandazi mawili, kisha ameshika kamba na shoka kwenda porini kutazama mizinga yake. Saa nne yuko juu ya mti. Mara mikono inatetemeka. Jasho baridi linamtoka, moyo unakwenda mbio, macho yanaona kiza, na njaa inamshika kama mtu ambaye hakula tangu jana. Je, akiachia tawi, nani atamrudisha mzima kwa mkewe na watoto?

Akifika nyumbani atasikia mengi. Huyu atasema ni malaria. Yule atanong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Mwingine atamwambia, "Ramba asali, utapona." Naye ataramba, atapata nafuu, na baada ya saa chache atatetemeka tena. Kumbe huenda hakurogwa. Huenda sukari ya damu yake imeshuka, na iliyoishusha ni ile chai tamu ya asubuhi.

Utauliza: sukari itashushaje sukari? Sikiliza. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hicho hutoa insulini, nayo huiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika misuli na viungo vingine ipate kutumika. Ugali wa mtama na kunde huingia damuni polepole, kama mvua ya rasharasha. Chai tamu na andazi la unga mweupe huingia kwa kishindo, kama mto uliofurika. Kwa watu wengine kongosho hutoa insulini kupita kiasi, au huchelewa kuitoa. Basi baada ya saa mbili mpaka nne, sukari ya damu hushuka mno. Ubongo ukikosa sukari unapiga kelele, na kelele zake ndizo hilo tetemeko na jasho.

Jambo hili si geni. Insulini iligunduliwa Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921. Wagonjwa wa kisukari waliodungwa kupita kiasi walitetemeka na kutoka jasho. Mwaka 1924 daktari Seale Harris wa Marekani akaeleza dalili hizo hizo kwa watu ambao hawakudungwa kitu. Miili yao yenyewe ilitoa insulini nyingi mno. Tiba aliyowashauri ilikuwa chakula, na mpaka leo chakula ndiyo tiba ya kwanza.

Ukishikwa, ufanye nini? Keti chini. Kama u juu ya mti, shuka taratibu mara uonapo dalili ya kwanza. Kama unaendesha pikipiki, simama. Kunywa maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, au ramba kijiko kimoja kikubwa cha asali. Ngoja dakika 15. Kisha ule chakula cha kukaa tumboni, kama karanga, yai, maharage au maziwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaishia kwenye asali. Aliyezimia asitiliwe kitu chochote kinywani, bali apelekwe upesi kwenye zahanati.

Lakini heri kuzuia. Shika haya machache:

Usianze siku kwa utamu mtupu. Punguza sukari katika chai, na pamoja nayo ule yai, maharage au kiporo cha kunde. Uji uwe wa mtama au uwele usiokobolewa, utiwe karanga zilizopondwa.

Ugali usiwe mlima na mboga kijiko. Zidisha mlenda, majani ya kunde, choroko, samaki mkavu. Anza na mboga.

Kula kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu hivi. Uendapo shamba au porini, chukua karanga mfukoni.

Asali yetu ni mali, wala hatuikatai. Ila iliwe kidogo, pamoja na chakula. Soda vivyo hivyo.

Usinywe wanzuki wala pombe nyingine na tumbo tupu. Ini huweka akiba ya sukari, na pombe hulizuia lisiitoe.

Tena usijipime kwa kukisia. Malaria, upungufu wa damu na magonjwa mengine nayo huleta kizunguzungu. Mwombe mganga wa zahanati akupime tone la damu wakati ule ule unapotetemeka. Kikisomeka chini ya 3.0, sukari iko chini mno. Hali ikijirudia, nenda hospitali, kama ile ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi, wakutafutie chanzo. Maana kwa wengine hii ni dalili ya mapema ya kisukari. Anayetumia dawa za kisukari asibadili kitu bila daktari. Na wakati wa Kwaresima kumbuka kwamba mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga chakula.

Neno la mwisho ni kwako, baba, na kwako, mama. Tazameni mnachobeba kwenda gulioni na mnachorudi nacho. Mara nyingi tunauza mayai na karanga, tukarudi na kilo ya sukari. Tumetoa chakula cha kumkinga mtoto na tetemeko, tukanunua cha kumletea. Juma lijalo, kabla ya kufunga kapu, toeni kwanza mayai machache na kibaba cha karanga, mviache nyumbani.