Chubwi moja gramu 118, nyengine 109: mizani yatwambia nini?

Sisi watu wa pwani neno risasi twalijua kwa maana mbili. Kuna ile itokayo katika bunduki, na kuna madini yale mazito, laini, ya kijivu, ambayo wavuvi huyayeyusha kufanya chubwi za mishipi na nyavu. Ya kwanza sina la kusema, kwani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu raia kujitengenezea nyumbani. Leo nazungumzia ya pili.

Baada ya Idi nilikuwa Takaungu kwa ami yangu, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Akanitolea mfuko wa chubwi 20, zote amezisubu mwenyewe katika kalibu moja. "Mwanangu, hizi zanivunjikia," akasema. "Ikinasa mwambani nikavuta, waya wachomoka, chubwi yabaki chini. Wewe umesomea maabara, hebu zitazame."

Kweli nina diploma ya ufundi wa maabara, ingawa siku hizi kazi yangu ni nyengine. Nikazibeba hadi Nairobi, mtaani Tena ninakoishi, nikaanza kuzipima.

Kosa la kwanza nililifanya dukani. Mizani ya muuza duka wetu huruka gramu 5 kwa 5, kwa hivyo chubwi zote zilionekana karibu sawa. Nikarudi nyumbani nikachukua mizani ndogo ya mke wangu ya kupimia unga wa keki, inayosoma gramu 1. Kabla ya kuiamini, niliiweka mezani pasipo upepo, nikahakikisha yasoma sifuri, kisha nikapima chubwi moja mara tatu. Ikitoa majibu matatu tofauti, hiyo si mizani ya kazi hii. Yangu ilitoa 118 mara zote.

Chubwi 16 zilikuwa kati ya gramu 117 na 120. Mbili zilikuwa 112 na 113. Mbili za mwisho zilikuwa 109.

Sasa tufahamu maana yake. Kalibu ni moja, kwa hivyo umbo na ukubwa ni ule ule. Risasi safi ina uzito wa gramu 11.3 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kama umbo ni sawa lakini uzito umepungua, basi ndani kuna kitu ambacho si risasi. Mara nyingi ni hewa. Gramu 9 zilizopungua ni karibu sentimita 0.8 za ujazo, yaani nafasi ya punje mbili tatu za mahindi. Nilikata moja ya zile za 109 kwa msumeno wa chuma, nikalikuta pango chini tu ya waya. Kwa nje ilikuwa nzuri, imeng'aa kuliko wenzake.

Pango hilo latoka wapi? Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na inapopoa hunywea. Kalibu ikiwa baridi, au mtu akimimina kidogo kidogo, sehemu ya nje huganda kabla ya ndani kujaa. Dawa yake ni kupasha kalibu moto kwanza, kumimina mfululizo, na kuacha ziada kidogo juu ili risasi ipate pa kujijazia inaponywea. Na kalibu iwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke mara moja na kuirusha usoni mwako.

Uzito una habari nyengine pia. Chubwi iliyozidi wenzake huenda kalibu haikufungwa sawasawa. Zikipungua zote za mkupuo mmoja, shuku mchanganyiko: zinki, bati na antimoni zote ni nyepesi kuliko risasi. Na usikimbilie wastani, maana nyepesi mbili tatu huuvuta chini. Zipange kutoka nyepesi hadi nzito, tazama ya katikati, kisha tenga kila iliyoachana nayo kwa zaidi ya gramu 2 au 3. Kwa mwenye nyavu jambo hili lina faida yake, kwani chubwi zikitofautiana, kamba ya chini huinuka mahali na samaki hupita chini yake.

Hapo ningekoma ningekuwa salama. Lakini nilitaka kumwonyesha ami kwa vitendo. Nikanunua kwa fundi wa pancha, kando ya barabara ya Outer Ring, kilo 2 za vile vyuma vya kubalansi magurudumu. Jumamosi moja nikawasha jiko la makaa kwenye roshani ya nyumba yetu, ghorofa ya pili.

Nikapata chubwi 15 safi, gramu 1,765 kwa jumla. Vibanio vya chuma vilikuwa gramu 120. Taka niliyoengua juu ilikuwa gramu 95. Nikajumlisha: 1,980. Gramu 20 sikuziona.

Mke wangu alisimama mlangoni, binti yetu wa miaka minne amemshika kanga. "Baba Nasra," akaniambia, "wewe mtu wa Mombasa, Owino Uhuru umeisahau?"

Nilinyamaza. Owino Uhuru ni kule Mombasa ambako kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014, na risasi ikaingia katika damu ya wakaazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyepigania kijiji kile alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua 2020 kwamba walipwe shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Disemba 2024.

Gramu 20 ni mikrogramu milioni 20. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama, na ikifika mikrogramu 5 kwa desilita lazima chanzo kitafutwe. Mtoto wa miaka minne ana kama desilita 12 za damu. Mikrogramu 60 tu ndani ya damu yake zatosha kufika hapo. Zangu zilikuwa kwenye jivu, sakafuni, na kwenye nguo zilizoanikwa kando.

Tulipangusa roshani kwa matambara ya maji, hatukufagia, kwani ufagio hurusha vumbi. Jiko lile hatukulipikia tena. Mtoto tukampeleka akapimwe damu. Alhamdulillahi, majibu yalitoka chini ya 5, lakini usiku wa kuyangoja sikulala.

Basi nilimpigia ami. Nikamwambia chubwi nyepesi azitenge, na asubu kwa kalibu ya moto. Kisha nikamwambia lililo kubwa: asisubu tena uani, karibu na jiko la chakula, kisima na wajukuu. Afanyie pwani, mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni mwake. Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake, taka aifunge kwenye mkebe, aoge na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Betri kuukuu asiziguse kabisa. Na panapofaa jiwe au chuma, atumie hivyo.

"Mwanangu," akanijibu, "nilikuuliza habari za chubwi, wewe waniambia habari za jikoni."

Nikamuuliza yeye husubu wapi. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita mjukuu wake atoke pale uani.