Kidonge cha Miligramu 1000 Kinaishia Wapi?

Mafua yakianza, wengi hukimbilia duka la dawa kununua kile kidonge cha vitamini C kinachotoa mapovu kwenye maji. Mara nyingi kina miligramu 1000. Kwa siku nzima mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 tu, kiasi ambacho pera moja la wastani hukitimiza.

Utumbo hunyonya karibu miligramu zote 200 ukipewa 200. Ukipewa zaidi ya 1000, huchukua chini ya nusu. Inayobaki tumboni huvuta maji, ndiyo maana wengine huharisha. Iliyozidi kwenye damu hutolewa na figo, na sehemu yake hugeuka oksaleti, malighafi ya mawe ya figo. Utafiti wa Sweden wa 2013 ulikuta wanaume waliotumia vidonge hivi wakipata mawe karibu mara mbili ya wasiotumia. Kwa mtu aliyewahi kuugua mawe, hilo si jambo dogo.

Mafua yenyewe je? Mkemia Linus Pauling wa Marekani ndiye aliyeieneza imani kwamba vitamini C huyazuia, kwa kitabu chake cha 1970. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba anayemeza vitamini C kila siku haepuki mafua, ila humwishia mapema kidogo, kwa asilimia 8 hivi. Anayeanza kumeza akiwa tayari anapiga chafya hapati nafuu ya maana.

Faida ninayotamani ijulikane zaidi iko kwenye sahani. Madini ya chuma ya maharage na mchicha hunyonywa kwa shida, lakini vitamini C ikiwemo katika mlo huohuo, mwili huyapokea kwa wingi zaidi. Mama mjamzito akamulie ndimu maharage yakishaipuliwa, maana moto huiharibu vitamini hii, au ale chungwa palepale. Chai isubiri, kwani huzuia chuma hichohicho. Vidonge vya chuma alivyopewa kliniki aendelee navyo.

Kinachonitia hofu kuliko vidonge ni dripu za vitamini C za kung'arisha ngozi. Katika maeneo yenye malaria, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida, na wengi walio nao hawajui. Kwao, dozi kubwa ya mshipani inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kipimo cha G6PD kifanyike kabla ya sindano, na anayeitoa asipokuwa na majibu hayo mkononi, mteja akatae.